Mcheza Kwao: Hutuzwa au Hutunzwa?

Maneno ya Mweka Hazina katika hafla ya mwaka ya uchangiaji, Dar es Salaam



Kila mwaka nikisimama hapa nasoma mapato na matumizi, na kila mwaka naona watu wanaanza kutazama sahani zao nikifika ukurasa wa pili. Mwaka huu hesabu zimechapwa kwenye kijarida, zimekaguliwa na kusainiwa. Kila mmoja atazisoma kwa nafasi yake, na mwenye swali anajua pa kunipata. Kamati imeniomba nizungumzie fungu moja tu, lile lililozua maneno kwenye mkutano mkuu: fungu la ukumbi wa sanaa kwenye shule yetu ya sekondari.

Maneno yenyewe nayakumbuka. Mzee mmoja aliuliza, "Zahanati haijaisha, vyoo vya shule havitoshi, halafu tuchange hela za kucheza ngoma?" Ni swali la haki. Mtu anayetoa fedha yake mfukoni ana ruhusa ya kuuliza inakwenda wapi, na mimi ndiye ninayelipwa sifa na lawama kwa kumjibu. Nitajibu kwa kumzungumzia mtu wa kwetu ambaye wengi hapa walimsikia redioni na baadhi walimwona kwa macho yao: marehemu Mzee Hukwe Zawose.

Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Mtasikia wengine wakitamka hutunzwa. Tofauti ni herufi moja, na kwa muda mrefu sikuona kama ina maana yoyote. Siku hizi naona ina maana kubwa. Kumtuza mtu ni kuinuka kwenye kiti, kucheza hadi mbele, kumbandika noti kwenye paji la uso na kurudi kukaa. Kumtunza ni kuhakikisha kesho amekula, mwanawe amekwenda shule, ngoma yake ina ngozi nzima, na akiugua ana pa kwenda. Sisi Wagogo tunajua sana kutuza. Usiku wa leo ninawaomba tuzungumze juu ya kutunza.

Mzee Hukwe alizaliwa Doduma, mkoani kwetu, mwishoni mwa miaka ya 1930. Kilikuwa kijiji cha ng'ombe, mtama na uwele kama vijiji vyetu, na muziki wake ulitoka hukohuko. Sina haja ya kuwaeleza watu hawa ilimba ni nini, lakini kuna vijana wetu waliozaliwa Kinondoni na Temeke, basi niseme kwa ajili yao. Ni kisanduku cha mbao kilichofungwa vyuma vyembamba, kila chuma na sauti yake, na mpigaji hukishika kwa mikono miwili na kukipiga kwa vidole gumba. Mzee Hukwe alikijua hicho, na zeze pia, na juu ya vyote alikuwa na koo. Aliweza kuanza chini kabisa kama mzee anayenong'ona, kisha akapanda mpaka ukadhani ni mtu mwingine amepokea wimbo.

Nchi ilipopata uhuru, Mwalimu Nyerere aliona kwamba watu wengi walikuwa wamefundishwa kuzionea haya ngoma zao. Mwaka 1962 aliunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, na katika miaka iliyofuata yakaanzishwa makundi ya taifa ya sanaa. Ni katika hali hiyo Mwalimu alimwita Hukwe Zawose aje kuishi na kufanya kazi Dar es Salaam. Fikirini hatua hiyo. Kijana wa Ugogoni, kazi yake ni kuimba Kigogo, anaambiwa kwamba serikali ya nchi nzima inamhitaji kwa uimbaji huohuo.

Baadaye Chuo cha Sanaa kilipoanzishwa Bagamoyo mwaka 1981, hapo ndipo alipofanya kazi na kufundisha, na Bagamoyo pakawa nyumbani kwake. Kuanzia miaka ya 1980 alizunguka Ulaya na sehemu nyingine za dunia. Mwaka 1996 ilitoka albamu ya Chibite kwa kampuni ya Real World ya Uingereza, ikafuatiwa na Mkuki wa Rocho, kisha Assembly aliyoifanya na Mkanada Michael Brook mwaka 2002. Alifariki huko Bagamoyo tarehe 30 Desemba 2003.

Hayo ni ya historia, na yanapatikana. Ninachotaka tukitazame ni nyumba yake.

Kazi ya jukwaani ni kazi inayomtoa mtu nyumbani. Mwalimu wa shule hurudi jioni. Mkulima hurudi jua likiwa kali. Msanii huondoka wakati wengine wanarudi, na akialikwa mbali haonekani wiki nzima, pengine miezi. Ndiyo maana katika familia nyingi sanaa na nyumba hugombana. Mke analalamika, watoto wanamjua baba kwa zawadi za safari, na mwishowe ama mtu anaacha ngoma ama ngoma inamwacha bila familia. Wapo wazee humu wanaojua ninachosema, na wapo waliokatazwa na wazazi wao wasiguse zeze kwa sababu hiyohiyo.

Mzee Hukwe hakuchagua kati ya viwili hivyo. Aliipeleka familia jukwaani na akaileta jukwaa nyumbani. Watu waliopiga na kuimba pamoja naye walikuwa ndugu, watoto na wake wa ukoo wake. Aliyejulikana zaidi kati yao ni Charles Zawose, kijana wa ukoo, aliyesimama naye nchi kwa nchi mpaka watu wa nje wakayazoea majina yao pamoja. Pale Bagamoyo mtoto wa nyumba ile hakupelekwa kozi ya muziki. Alikuta vyombo vinatengenezwa uani, akakuta nyimbo zinarudiwa jioni, akaanza kuitikia kabla hajajua anafundishwa. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Sasa mniruhusu niseme kama mhasibu. Katika kazi yetu, tukikagua hesabu za taasisi yoyote, kuna swali moja ambalo hatuliruki: je, taasisi hii ina uwezo wa kuendelea kuwapo? Unaweza kukuta duka lina bidhaa, lina wateja, lina fedha benki, lakini kila kitu kimo kichwani mwa mwenye duka. Siku akiondoka, ndani ya mwezi duka limefungwa. Duka la namna hiyo mhasibu hulitilia shaka hata kama leo lina faida.

Lipelekeni swali hilo kwa nyumba ya Zawose. Mzee alifariki mwishoni mwa 2003. Mwaka uliofuata, 2004, Charles naye akafariki. Sauti mbili zilizokuwa nguzo ziliondoka karibu kwa pamoja. Kwa hesabu za kawaida, kundi lingekuwa limekwisha. Halikwisha. Mwanawe Msafiri aliendelea, na mwaka 2017 alitoa albamu aliyoiita Uhamiaji, ambamo ilimba na zeze vinakutana na vyombo vya kisasa. Mwaka 2024 binti yake Pendo na mjukuu wake Leah walitoa albamu yao, Maisha, wakijiita The Zawose Queens, kwa kampuni ileile iliyomtoa mzee karibu miaka thelathini kabla.

Hapo kwa mabinti nitasimama kidogo, kwa sababu mama zetu wapo na wataniuliza nikiliruka. Katika mila yetu mwanamke wa Kigogo hajawahi kuwa mgeni wa ngoma. Muheme ni ya wanawake. Ndio wanaozibana ngoma katikati ya magoti na kuzipiga mpaka ardhi ikaitikia. Lakini ilimba, zeze na kuuongoza wimbo vilihesabiwa kuwa vya wanaume. Mwanamke alipiga ngoma na kuitikia. Mbele alisimama mwanamume. Pendo na Leah walikulia katika desturi hiyo na kwa miaka mingi wakawa waitikiaji. Leo wanapiga vyombo hivyo wenyewe, wanatunga na wanaongoza. Penzi la mzee kwa familia yake lilikuwa na mipaka ya zama zake, na watoto wake waliipokea kazi, kisha wakaisogeza mipaka. Nadhani huo ndio urithi unaofaa: unaupokea wote, halafu unaongeza chako.

Ndugu zangu, turudi kwetu kijijini.

Sisi tuna utajiri uleule aliozaliwa nao Hukwe Zawose. Tuna wapigaji wa muheme ambao mkiwasikia usiku kutoka ng'ambo ya korongo hamtalala. Tuna wazee wawili watatu wanaojua kuunda ilimba tangu kuchagua mti mpaka kuponda chuma. Tena siku hizi makao makuu ya nchi yako Ugogoni. Mgeni akifika, tamasha likifunguliwa, jiwe la msingi likiwekwa, wanaotangulia mbele ni wacheza ngoma wetu. Tunawaona kwenye televisheni tunajivuna.

Nyuma ya televisheni kuna hesabu ambayo haioneshwi. Tuchukue mfano wa kubuni, wa kufundishia tu. Kikundi cha watu 15 kimealikwa mjini kwa shilingi 300,000. Gari ya kwenda na kurudi, 120,000. Chakula cha siku, 45,000. Ngozi moja imepasuka na njuga zimekatika, 30,000. Zimebaki 105,000. Gawanya kwa 15: kila mmoja anarudi na shilingi 7,000. Siku nzima imekwisha, na mama aliyekuwa kwenye muheme aliacha shamba lake bila palizi, akamwachia binti yake mdogo kazi za nyumbani. Nimesema ni mfano, lakini naona baadhi ya wenyeji wanatikisa vichwa. Na hapo nimehesabu kwamba waliahidiwa fedha na wakalipwa. Kuna safari nyingine malipo ni soda na picha ya pamoja.

Kwa hesabu hiyo, sishangai mzazi akimwambia mwanawe aachane na ngoma asome. Mzazi huyo anapenda ngoma kama mimi na wewe. Anachokataa ni njaa. Tukitaka mtoto wake apige ilimba, tusimwimbie nyimbo za kusifu utamaduni, tumwoneshe namna ambavyo sanaa na nyumba vinaweza kuishi pamoja bila kimoja kukila kingine. Mzee Hukwe alipata wito wa Mwalimu na kazi katika chuo cha serikali. Alikuwa na pa kufanyia kazi na pa kufundishia. Mapenzi yake yalikuwa makubwa, lakini yalipata paa juu yake. Je, kijana wa kwetu mwenye koo kama lile leo anapata nini?

Ndiyo maana fungu letu lina sehemu tatu, na nitazieleza kwa ufupi kila moja.

Sehemu ya kwanza ni ukumbi wenyewe. Hili ni jengo la shule. Asubuhi za mitihani litakuwa ukumbi wa mitihani, maana sasa hivi watahiniwa wanabanwa madarasani na madarasa mengine yanalazimika kupumzishwa. Siku za mikutano litakuwa mahali pa wazazi kukaa badala ya chini ya mbuyu. Jioni na siku za mapumziko litakuwa jukwaa. Wanaosema tujenge madarasa kwanza, mjue kwamba jengo hili linayapa madarasa yaliyopo nafasi ya kupumua.

Na jukwaa lenyewe si anasa kwa mwanafunzi, hasa wa kike. Mwaka 1996 walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwamo Profesa Penina Mlama na Profesa Amandina Lihamba, walianzisha mpango ulioitwa Tuseme katika shule za sekondari. Wasichana walikaa wakachunguza wenyewe ni mambo gani yanayowakwamisha shuleni, kisha wakayatengenezea mchezo na kuuonesha mbele ya walimu, wazazi na wenzao, halafu watu wote wakajadili. Jambo ambalo binti hawezi kumwambia mwalimu mkuu ana kwa ana, analisema akiwa ndani ya mhusika, na ukumbi mzima unalisikia. Mpango huo ulikubalika hadi ukachukuliwa na shirika la FAWE na kupelekwa nchi nyingine za Afrika. Sisi tuna mabinti wanaoacha shule kila mwaka kimyakimya. Hatuwezi kuwatibu kwa kimya kingine.

Nikiwa bado kwenye ukumbi, kuna somo moja la Bagamoyo ambalo mweka hazina hawezi kulisahau. Ukumbi wa chuo kile uliungua moto mwaka 2002, na ilichukua miaka kuupata mwingine. Kwa hiyo katika bajeti yetu mtaona mstari wa bima na mstari wa vizima moto. Msiupigie kelele. Huo mstari mdogo ndio unaolinda mistari yote iliyo juu yake.

Sehemu ya pili ni mfuko wa wasanii wa kijiji. Huu hautamlipa mtu mshahara. Utafanya mambo matatu: utakuwa na daftari la vikundi vyote na wanachama wake, utakuwa na mkataba mfupi wa kurasa mbili wa Kiswahili chepesi ambao kila mwalikaji atausaini kabla gari halijaondoka, na utawasaidia wasanii walio tayari kujiunga na NSSF kama wachangiaji wa hiari. Watu wengi hawajui kwamba aliyejiajiri anaweza kuchangia. Mpigaji wa muheme mwenye miaka 30 leo atakuwa na miaka 60 siku moja, na magoti yanayoibana ngoma yatakuwa yamechoka.

Sehemu ya tatu ni kumbukumbu. Wazee wetu wenye nyimbo wanaondoka mmoja baada ya mwingine. Tunataka kununua vifaa vya kawaida vya kurekodi sauti na picha, tuwafundishe wanafunzi kuvitumia, na wao wakawarekodi babu na bibi zao. Kuna sababu ya kimapenzi ya kufanya hivyo, na kuna sababu ya kifedha. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Pigeni hesabu: mtunzi aliyefariki mwaka 2003, haki zake ni mali ya warithi mpaka mwaka 2053. Wajukuu wanaweza kusomeshwa na wimbo wa babu. Sheria inailinda hata kazi ambayo haijasajiliwa, lakini anayedai lazima aoneshe ushahidi kwamba ni yake, na wimbo uliobaki kichwani hauna ushahidi. Rekodi yenye jina na tarehe, ikapelekwa COSOTA, ni hati kama hati ya kiwanja. Na zile nyimbo za jadi ambazo hazina mtunzi mmoja, tuziandike kuwa ni za jamii, ili mtu wa mbali asije akazifanya zake na kutuuzia.

Sasa nimjibu mzee aliyeuliza juu ya zahanati, kwa heshima zote.

Mzee wangu, fedha ya zahanati ina akaunti yake na watia saini wake, na haitaguswa hata shilingi moja kwa ajili ya ukumbi. Ahadi za zahanati zilizokusanywa zitamaliza kazi ya zahanati. Tunachokiomba usiku huu ni fedha mpya kwa kazi mpya, na fomu ya ahadi ina visanduku viwili: mtu anachagua mwenyewe fedha yake iende wapi. Ukiweka alama kwenye zahanati pekee, chama kitakushukuru sawasawa na mwenzako, na risiti utapata. Ujenzi wa ukumbi hautaanza mpaka fedha za msingi, kuta na paa ziwe zimekamilika benki. Hatutaki kuwaachia watoto wetu kuta zisizo na paa, maana kijijini kwetu mbuzi wameshapata majengo ya kutosha ya aina hiyo.

Lakini niseme na hili, kwa sababu naamini ndilo lililokuwa nyuma ya swali lako. Tunajenga zahanati ili watu waishi. Tunajenga shule ili watu waelewe. Bado panabaki swali: watu hao walio hai na wanaoelewa, wataitana kwa sauti gani? Sisi tuliokaa Dar es Salaam miaka ishirini, thelathini, ni nini kinachotukusanya kwenye ukumbi huu kila mwaka? Wengi wetu hatuna tena shamba nyumbani. Wengine wazazi wametangulia. Watoto wetu Kigogo wanakisikia kwa mbali. Ila kadi ya mwaliko ikiandikwa kwamba muheme utakuwapo, viti havitoshi. Mimi ndiye ninayehesabu kadi, nawahakikishia. Chama hiki kinachochangia zahanati kinaitwa pamoja na ngoma. Ngoma ikifa, baada ya miaka kumi nani ataichangia zahanati?

Vijana wetu mliozaliwa hapa mjini, nina ombi kwenu peke yenu. Mzee Hukwe aliondoka Dodoma na kufanya makazi pwani, karibu na bahari ambayo mababu zake hawakuiona. Hakuacha kuimba Kigogo, na watoto wake waliokulia Bagamoyo hawakuacha. Umbali haukuwa sababu kwao, na hauna haja ya kuwa sababu kwenu. Likizo ijayo kamati itapeleka basi nyumbani kwa wiki moja. Nendeni mkakae na bibi zenu. Binti anayetaka kushika ilimba aishike; wenzake wa ukoo wa Zawose walishaifungua njia hiyo. Na mvulana anayetaka kujifunza kupiga muheme, akina mama wataamua wenyewe kama wanamkubali.

Wazazi, nanyi mna ombi lenu. Mtoto akikwambia anapenda jukwaa, usimjibu haraka. Muulize anataka kufanya nini hasa, kisha muulize yule anayemfundisha ana utaratibu gani. Msanii mwenye daftari, mkataba na mahali pa kufanyia mazoezi ni mtu mwenye kazi. Kama havipo, kosa si la mtoto. Ni letu sisi tuliopewa nafasi ya kuviweka tukaona ni mchezo.

Ndugu Mwenyekiti, nimemaliza muda wangu na kidogo cha mgeni rasmi. Baada yangu wanaingia akina mama wa muheme waliosafiri jana usiku kutoka nyumbani. Mkataba wao umesainiwa, na malipo yao yameshaingia kwenye akaunti ya kikundi leo asubuhi, nauli ikiwa kando. Kwa hiyo mkiinuka kuwatuza, na ninawaomba mwinuke wote, mjue kwamba noti mtakayoibandika ni zawadi ya kweli juu ya haki yao.

Mkirudi kwenye viti, fungueni ukurasa wa mwisho wa kijarida. Fomu ya ahadi iko hapo, na kalamu tumeweka kila meza. Kule mbele tutakuwa tumewatuza. Kwenye karatasi hiyo tutakuwa tumeanza kuwatunza.